Jibu: Daktari kasema "miaka 17 hadi 30", anabahatisha?

Ndugu wa Arua, umeuliza kuhusu mifupa mliyoikuta mkichimba msingi. Familia inaamini ni mjomba aliyepotea kwenye vurugu za 1980, aliyezaliwa mwaka wa uhuru wa Uganda, 1962. Daktari wa polisi kasema marehemu alikuwa na miaka 17 hadi 30, nawe unaona hajui kazi. Mimi nimekuwa nikisaidia kufukua makaburi huku Acholi. Angekutajia 23 kamili, hapo ndipo ningemtilia shaka.

Mifupa ya mtoto haifichi kitu. Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6, la pili 12 hivi, na hata yaliyo bado ndani ya taya eksirei inayaonyesha. Halafu kuna ncha za mifupa mirefu. Kabla mtu hajakomaa, kati ya ncha na mfupa wenyewe kuna gegedu, kitu laini kama cha sikio. Gegedu likioza, ncha inabaki kipande pembeni, kama kifuniko cha soda, na wachimbaji huitupa wakidhani ni kokoto. Mtu akikua, ncha huungana na mfupa wake: za kiwiko huunga mapema, za goti baadaye, wasichana wakiwatangulia wavulana.

Wa mwisho kuunga ni mtulinga, ule mfupa wa kutoka begani hadi kifuani, kwenye ncha yake ya upande wa kifuani. Kwa kijana wa miaka 18 uso wa mfupa huo hapo una matuta matuta, ncha haijashika, au ndiyo kwanza inaanza. Ukiukuta umeziba na kulainika pote, mwenyewe kwa kawaida alishavuka ishirini na kitu. Kwa kesi yenu huo ndio mfupa wa kutafuta, maana mjomba wa 1962 alikuwa na miaka kama 18. Kama kweli alizaliwa 1962: wazee wetu husema "mwaka wa uhuru" wakimaanisha hata miaka miwili kando.

Kwa watu wazima kazi ni ngumu, kwani mwili umeacha kukua na sasa unachakaa tu, na hatuchakai sawa. Hapo huangaliwa mifupa ya kinena inapokutana: ujanani ina mikunjo, baadaye hulainika, uzeeni huliwa na kutoboka. Mtaalamu wa mifupa Todd alizipanga hatua hizo 1920. Wataalamu wengine, Suchey na Brooks, wakatoa mpangilio mpya 1990, kwa mifupa iliyotoka Los Angeles. Hatua yao ya nne kwa wanaume ni miaka 23 hadi 57! Mama wa hapa kwetu Kitgum aliyelima na kubeba maji tangu utotoni hayumo kwenye hesabu hiyo. Mishono ya fuvu, ile mistari vipande vya fuvu vinapoungana, ndiyo kabisa, mimi siitegemei.

Tena msichanganye umri wa marehemu na muda aliokaa ardhini. Hilo ni swali jingine, lina vipimo vyake.

Muulizeni daktari kama mitulinga ilipatikana. Kama haikupatikana, ombeni polisi warudi nanyi, udongo wote uchekechwe kabla fundi hajamwaga zege.