Kamera ya mtego porini: adui yake ni unyevu

Ukiifunga kamera ya mtego, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, kwenye mti pembeni mwa msitu wa Kakamega halafu uisahau, usitarajie ifike mwaka wa tatu. Kamera hiyohiyo ikifungwa karibu na zizi la mbuzi huku Nakuru, na ikaangaliwa kila mwezi, yaweza kufika wa tano. Hivyo ndivyo nilivyoona katika kuwafungia watu kamera hizi, wengi wao wakulima wanaotaka kujua nani anamaliza mahindi usiku.

Wanunuzi hukimbilia megapikseli. Mimi hufungua mlango wa kamera kwanza nikaupapasa ule mpira unaozunguka kingo zake. Alama ya IP66 inamaanisha vumbi haliingii, na maji yakirushwa kwa nguvu hayadhuru. Sawa, lakini jaribio lake ni la dakika chache, na kamera ikiwa mpya. Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima, hasa alasiri. Jua huipasha kamera, hewa ya ndani ikatanuka na kutoka. Mvua ikimwagika ghafla, kamera inapoa na kuvuta hewa yenye unyevu kupitia mpira uliochoka. Mwanzo unaona ukungu nyuma ya lenzi. Baadaye vyuma vinavyoshika betri vinaota kutu ya kijani, na kamera inaanza kuwaka ikitaka, kuzima ikitaka.

Kwa hiyo tia vipakiti vya silika jeli ndani, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila unapobadilisha betri. Mpira upanguse, uupake grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya kujipaka yaache nyumbani, kwa sababu yanalegeza baadhi ya mipira.

Betri za alkali za bei rahisi zimeua kamera nyingi kuliko nyani. Zikiisha nguvu na kuachwa humo, huvuja. Za lithiamu ni ghali, lakini hazivuji ovyo na hudumu zaidi. Za kuchaji nazipenda, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, na kamera nyingine huzikataa au hupiga picha hafifu usiku.

Kisha kuna sisimizi. Hupenda joto la kamera, na hupitia tundu la waya wa umeme lililo chini ikiwa kifuniko chake kimepotea. Nimewahi kufungua moja nikakuta mayai meupe yamejaa katikati ya betri, kama mchele uliomwagika. Ziba tundu hilo.

Nakuru tabu ni jua na vumbi. Plastiki hupauka, mkanda hukatika kabla ya kamera yenyewe. Ielekeze kaskazini au kusini, jua la asubuhi na la jioni lisiipige usoni.

Wa Kisumu, msiharakishe kusema kamera imekufa. Sensa yake hutambua tofauti ya joto kati ya mnyama na mazingira. Mchana wa joto kali tofauti hiyo hupungua, mnyama akapita bila kupigwa picha. Ijaribu usiku kabla ya kumpelekea fundi.

Na mpira ukipasuka, usiirudishe porini. Ifunge chini ya paa, kwenye stoo au banda la kuku, itumie huko.