Chumba cha nyongeza kinavuja theluji ikianguka

Pole sana, dada. Unasema chumba mlichoongeza huko Minneapolis, Marekani, kinavuja pale dari inapokutana na ukuta wa zamani, tena siku mbili baada ya theluji kuanguka. Hizo siku mbili ndizo zinazonionyesha chanzo. Joto la ndani linapanda na kuyeyusha theluji iliyo juu ya paa, kuanzia chini yake. Maji yanateremka hadi ukingo wa paa wenye baridi, yanaganda. Barafu ile inakuwa kama boma. Maji yanayofuata yanakosa njia, yanapenya chini ya vigae.

Leo zimeni umeme wa chumba hicho, wekeni ndoo, na dari ilipofura toboeni tundu dogo maji yatoke kabla haijaporomoka. Theluji ivuteni kwa reki ndefu ya paa, mkiwa mmesimama chini. Tafadhali msipande, wala msipige barafu kwa shoka: mtapasua vigae.

Theluji ikiisha, fundi akague bati la maungio ya paa na ukuta, azibe matundu ya taa yanayopitisha joto, na aongeze pamba ya kuhami joto juu ya dari. Msikubali paa lipakwe lami tu.