Asilimia 3 ya kazi, asilimia 2 ya mkopo, mwanangu yuko wapi hapo?

SWALI: Assalam aleikum dada. Mi ni mama wa hapa Tanga, Makorora. Nna kijana wangu miaka 19 ana ulemavu wa akili, toka mdogo alichelewa kukaa, akachelewa kusema, kusoma hajui na pesa anaijua kwa rangi tu. Ila dada mwanangu ana mkono! Alfajiri anaenda pwani na mjomba wake, mwagia ndoo ya samaki mbele yake, tasi anaweka kule changu anaweka huku, anapanga mafungu yote yanalingana wala hahesabu, anatazama tu anapunguza huyu anaongeza yule basi. Kuna tajiri anamtumia mpaka adhuhuri alafu anampa samaki wawili na chai. Nikilalamika naambiwa nishukuru kapata pa kushinda. Sasa redioni nasikia walemavu wana asilimia 3 ya kazi na asilimia 2 ya mikopo, nimeenda ofisi moja naambiwa awe na kikundi na aje ajieleze mwenyewe. Atajieleza vipi? Hii sera ni ya nani hasa? Mama wa Makorora.

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Ni ya mwanao pia, na usikubali mtu akwambie vingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na wenye ulemavu wa akili wamo humo sawasawa na asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu.

Ile asilimia 3 ya kazi, yaani angalau watatu kati ya kila wafanyakazi mia wawe wenye ulemavu, inambana mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, kwa hiyo tajiri wa pwani mwenye watu wake watano sita hayumo. Lakini hilo la samaki wawili na chai mi limeniuma. Mtu anakuja saa unayotaka wewe, anafanya unachomwambia wewe, faida unachukua wewe, huyo ni mfanyakazi, hata kama hamjaandikishana, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu wake. Uliza kijana mwingine anayepanga samaki pale analipwa ngapi kwa siku. Alafu nenda na mjomba mtu, mkaongee na tajiri kwa heshima lakini mtaje hela, msitaje huruma. Akikataa kuna ofisi ya kazi ya mkoa, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Na ile ya kushukuru kapata pa kushinda mwambieni anyamaze nayo, mtoto haendi pale kushinda, anaenda kufanya kazi.

Tuje kwenye mkopo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na mkopo wenyewe hauna riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, ndo maana redio zinaisema sana. Hilo la lazima awe na kikundi wasikubabaishe, mwenye ulemavu anaruhusiwa kukopa hata akiwa peke yake. Ila ukiangalia utaratibu wake ulivyo, fomu, andiko la biashara, akaunti benki, unaona kabisa aliyeupanga alikuwa anamfikiria mtu mwenye ulemavu wa mguu au wa macho ambaye akifika dirishani anaongea mwenyewe. Sawa, nao wanastahili na bado hawajapata vya kutosha. Ila ofisi zetu siku hizi zinajengewa njia ya kiti cha magurudumu, jambo zuri sana, sasa huyu asiyeweza kujaza fomu njia yake imejengwa wapi? Kumwambia aje ajieleze mwenyewe ni kumfungia mlango. Ibara ya 12 ya ule mkataba tulioridhia inasema nchi impatie mtu mwenye ulemavu msaada anaouhitaji ili aweze kutumia haki zake kisheria. Kwa hiyo kuomba uingie naye umsaidie kueleza ni haki yake, waambie hivohivo, na wakikataa waombe wakuandikie barua ya kukataa. Wengi wakiombwa barua wanaanza kukusikiliza.

Lakini mamangu nikwambie ukweli, mkopo usiwe wa kwanza. Ukichukua hela kwa jina lake alafu ikaingia kwenye duka lako, deni linabaki la kwake na yeye hajui hata lilianzaje, nimeona familia zikigombana kwa hilo.

Anza mtaani kwako. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa aandikishwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu, ulizia kamati yao inakutana lini, muone na afisa ustawi wa jamii wa kata. Alafu hapa hapa Tanga kipo chuo cha serikali cha ufundi cha watu wenye ulemavu, Masiwani, nenda ukaulize wanapokea lini na kama wanamchukua asiyejua kusoma. Usiende mikono mitupu, mrekodi kwenye simu dakika mbili tatu anavyopanga yale mafungu. Hiyo ndo intavyuu yake, mwenye macho ataona. Kiwanda cha samaki, hoteli, stoo, popote panapotaka mtu wa kuchambua na kupanga vitu, waonyeshe hiyo kwanza kabla hujataja ulemavu. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, nao wapigie watakwambia chama gani kiko karibu na wewe.

SWALI: Binti yangu ana miaka 8, ana ulemavu wa akili, mwalimu kanambia nikae naye nyumbani anawachelewesha wenzie. Ana haki hiyo? Baba, Korogwe.

JIBU: Mwalimu hana haki hiyo, baba. Ile ile Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, na kumtoa halisemwi na mwalimu mmoja mlangoni. Nenda halmashauri ya wilaya umuulizie afisa wa elimu maalumu, mwambie unataka binti apimwe na apangiwe shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Ukiona Lushoto sio mbali kwenu iko Irente Rainbow, shule ya kanisa la KKKT ya watoto wenye ulemavu wa akili, waulize nafasi. Nenda wiki hii, maana kila muhula anaokaa nyumbani anasahau na kile kidogo alichoshika.