Maswali ya wasomaji: Je, akina Kowalczyk wote ni ukoo mmoja?

*Ndugu Mhariri, salaam. Hapa maskani kwetu kuna ubishi haujaisha tangu Ramadhani. Mmoja anasema Justyna Kowalczyk, yule bingwa wa skii wa Poland, ni binti wa Jan Kowalczyk aliyechukua dhahabu ya farasi kule Moscow mwaka 1980. Mwingine anamwongeza Wojciech Kowalczyk wa soka, eti ni kaka mtu. Tumalizieni ubishi huu. — Msomaji, Mikindani*

Jan si baba yake, na Wojciech si kaka yake. Wanachoshirikiana ni jina la kazi.

Kwa Kipolandi, *kowal* ni mhunzi, yule wa mvukuto, fuawe, nyundo na koleo. Neno hilo ni la ukoo mmoja na kitenzi *kuć*, yaani kufua chuma. Kipande *-czyk* kinachobandikwa mwishoni kilimtaja kijana wa mhunzi: mwanawe, au mwanagenzi aliyekuwa akimpulizia moto. Zamani kila kijiji kilichokuwa na majembe, farasi na mikokoteni kilihitaji mhunzi wake. Kwa hiyo jina hili halikuanzia kwa babu mmoja. Lilizaliwa mara nyingi, katika vijiji visivyojuana, na ndiyo maana leo limo katika majina kumi yaliyoenea zaidi nchini Poland. Pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, bandari nyingi zina mtu anayeitwa Nahodha, na hakuna anayedhani wamezaliwa tumbo moja.

Basi wachukueni mmoja mmoja.

Jan alizaliwa mwaka 1941 na kufariki mwaka 2020. Mchezo wake ulikuwa kuruka vikwazo kwa farasi. Moscow 1980 alipata dhahabu ya mtu mmoja mmoja akiwa juu ya farasi aitwaye Artemor, na fedha ya timu. Kipolandi kinaita kiatu cha chuma cha farasi *podkowa*, na ndani yake mnasikia mzizi uleule wa *kowal*, kwa sababu kupiga viatu vya farasi ilikuwa kazi ya mhunzi.

Justyna alizaliwa Limanowa mwaka 1983, akakulia Kasina Wielka, kijiji cha milimani kusini mwa Poland. Mbio zake zilikuwa za skii za masafa marefu, si za kushuka mlima. Katika mtindo wa klasiki, ambao ndio uliomjengea jina, skii mbili hupita sambamba ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye theluji, na mwanamichezo hujisukuma kwa miguu na fimbo mbili. Vancouver 2010 alishinda kilomita 30 za mtindo huo kwa kumzidi Marit Bjørgen wa Norwei sekunde 0.3 tu. Kilomita 30 kuamuliwa na sekunde 0.3 ni jambo la kulisoma mara mbili! Sochi 2014 alishinda kilomita 10 akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika. Medali zake za Olimpiki ni tano: dhahabu mbili, fedha moja na shaba mbili.

Wojciech alizaliwa Warsaw mwaka 1972. Alikuwa mshambuliaji wa Legia, baadaye Real Betis ya Hispania. Katika fainali ya Olimpiki ya Barcelona 1992 ndiye aliyefunga bao la kwanza. Hispania ikashinda 3–2, Poland ikabaki na fedha.

*Mhariri, mimi hutangaza mechi na matukio ya michezo, mara nyingine pale uwanja wa Ilulu. Majina ya Kipolandi yananishinda. Nikitamka "Kovalichiki" watu wanaosoma mtandaoni wananicheka. Nifanyeje? — Mtangazaji, Lindi mjini*

Ndugu mtangazaji, una bahati kuliko unavyodhani. Kipolandi na Kiswahili vina desturi moja: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtangazaji wa Kiingereza hulazimika kuukumbuka mkazo huo. Kwako wewe unakuja wenyewe.

Tatizo lako ni irabu za nyongeza. Kowalczyk ina silabi tatu tu: ko-val-chik, na mkazo uko kwenye *val*. Ukiweka *i* baada ya *l* na nyingine baada ya *k*, unapata silabi tano, ko-va-li-chi-ki. Mkazo wako wa Kiswahili unahamia *chi* papo hapo, na jina linaharibika mara mbili kwa kosa moja. Kwa hiyo anzia kwenye irabu. Mkazo utajirekebisha.

Fanya hivi. Sema "Alhamisi" polepole na usikie jinsi *l* inavyofungwa kabla ya *h* bila irabu kati yake. Ufunge hivyohivyo katika *val*: ncha ya ulimi ibaki juu ya ufizi, kisha ingia moja kwa moja kwenye *ch* ya "chai". Kwa *k* ya mwisho, kama ulipita madrasa, kumbuka unavyosimama mwishoni mwa neno *al-mulk*: koo linafunga, hakuna *i* inayofuata. Rudia mara kumi kwa sauti kabla ya kushika kipaza sauti, si kimoyomoyo, maana ulimi ndio unaofundishwa hapa. Irabu ya *-czyk* ipo kati ya *i* na *e* zetu. Ukisema *i* ya kawaida, Mpolandi atakuelewa bila shida.

Herufi za kukariri si nyingi. *W* ya Kipolandi ni *v* yetu. *Ł*, ile L yenye mstari unaoikata, ndiyo *w* yetu. *Cz* ni *ch* na *sz* ni *sh*. *J* ni *y*, *ó* ni *u*, na *c* ikiwa peke yake ni *ts*. *Rz* na *ż* hatuna, ila *zh* inatosha. Kosa kubwa kwenye *cz* ni kuitenganisha, mtu akasema "kowal-zik" au "kowalk-zik". Hizo ni herufi mbili za sauti moja, na hata unapokata neno mwishoni mwa mstari hazitenganishwi.

Jaribu kwa Młynarczyk, kutoka *młynarz*, msaga nafaka wa kinu. Józef Młynarczyk alikuwa golikipa wa Poland iliyoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 1982, na alidaka Porto ilipotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1987. Wazungu wengi hukwama kwenye *mł* ya mwanzo. Kwetu hiyo ni *mw* ya "mwinuko": mwi-nar-chik, mkazo kwenye *nar*. Jina hili unaweza kulitamka vizuri kuliko mtangazaji yeyote wa London, na sisi tungefurahi kulisikia.

Ugumu wa kweli utaukuta kwa Anita Włodarczyk, mrusha nyundo wa Poland: vwo-dar-chik, *v* na *w* zikifuatana bila irabu. Weka meno ya juu kwenye mdomo wa chini kwa *v*, kisha viringa midomo haraka kwa *w*. Ukichelewa, utasema "vuwodarchik", silabi moja ya ziada.

Na kwa kuwa wengi hutuuliza: Włodarczyk, ingawa anarusha nyundo, hana jina la mhunzi. *Włodarz* alikuwa msimamizi wa shamba la bwana, tungesema mnyapara, neno ambalo wazee wa mashamba ya mkonge ya Lindi wanalifahamu vizuri. Nyundo yenyewe ya michezo si ya kufulia chuma. Ni tufe la chuma lenye waya na mshikio, na ya wanawake ina kilo 4. Aliirusha mita 82.98 Warsaw mwaka 2016, rekodi ya dunia, na ana dhahabu za Olimpiki za 2012, 2016 na 2020. Ya 2012 alikabidhiwa baadaye, baada ya Mrusi aliyekuwa mbele yake kufutiwa matokeo kwa dawa zilizokatazwa.

*Mhariri, naandaa chemsha bongo ya michezo kwa wanafunzi. Katika kurasa za Kipolandi nimekuta Kowalczyk, Kowalczyka, Kowalczykiem na Kowalska. Nikadhani zile zenye -a ni za wanawake. Niko sahihi? — Mwalimu wa michezo, Masasi*

Hapana, Mwalimu, na kosa hili ndilo linaloharibu orodha nyingi. Kipolandi hubadilisha mwisho wa jina kufuatana na kazi yake ndani ya sentensi. "Medali ya Jan Kowalczyk" huandikwa *medal Jana Kowalczyka*. "Pamoja na Kowalczyk" huwa *z Kowalczykiem*. Huyo ni mwanamume yuleyule. Kwa mwanamke jina la ukoo linaloishia na konsonanti halibadiliki hata kidogo, ila jina lake la kwanza hubadilika: *medal Justyny Kowalczyk*. Kwa maneno mengine, ukiona *Kowalczyka* yenye *-a*, huyo ni mwanamume. *Kowalczykowie* ni wingi, yaani akina Kowalczyk.

Kowalska ni jina jingine kabisa. Ni umbo la kike la Kowalski, na hilo hubadilika kwa jinsia: baba Kowalski, binti Kowalska. Linaweza kutoka kwa mhunzi au kwa mahali, kwa kuwa Poland ina mji uitwao Kowal. Usiwaweke kapu moja na akina Kowalczyk.

Kwa kila mwanamichezo andika vitu vinne kwenye mstari mmoja: jina la kwanza katika umbo lake la msingi, jina la ukoo, mchezo, mwaka wa kuzaliwa. Usiuache mwaka ukidhani mchezo unatosha, wala usitegemee majina mawili peke yake. Kuna Mateusz Kowalczyk mcheza tenisi aliyezaliwa mwaka 1987, na Mateusz Kowalczyk kiungo wa soka aliyezaliwa mwaka 2004. Mwanafunzi akijibu "Mateusz Kowalczyk" bila zaidi, utampa alama kwa yupi? Angalia pia majina ya ndoa: baada ya kuolewa Justyna alianza kuandikwa Kowalczyk-Tekieli, na huyo si mtu mwingine.

Kuhusu kuchapa, kwenye simu nyingi ukibonyeza *l* bila kuachia utaletewa *ł*. Ikikosekana, andika *Wlodarczyk*, na mashine za kutafuta kwa kawaida zitakuelewa. Usiandike *w* badala ya *ł* kwa kuwa unaisikia hivyo, utampoteza.

*Je, ni kila -czyk jina la ufundi? Na wahunzi wa mataifa mengine wako wapi michezoni? — Msomaji, Kilwa Masoko*

La kwanza: hapana. Adamczyk ni wa Adam, hakuna ufundi hapo. Kwanza toa *-czyk*, kisha utazame kilichobaki. Ukikuta *kowal* ni mhunzi, *kraw-* wa Krawczyk ni fundi cherehani, *szew-* wa Szewczyk ni fundi viatu. Kiambishi nacho si lazima kiwe *-czyk*: beki Jan Bednarek anatoka kwa *bednarz*, fundi wa mapipa ya mbao, akiwa na *-ek* mwishoni.

La pili, wapo tele. Kovačić, kama kiungo wa Kroatia Mateo Kovačić, ni wa mhunzi. Kuznetsova wa tenisi wa Urusi vilevile. Smith wa Kiingereza ni huyohuyo, basi mkumbukeni Tommie Smith wa mita 200 mwaka 1968. Kwa masikio ya pwani, lililo karibu zaidi ni Haddad, mhunzi kwa Kiarabu, kutoka *hadid*, chuma, lile la Surat al-Hadid. Beatriz Haddad Maia, mcheza tenisi wa Brazil, analo.

*Yule Mpolandi aliyemshinda Filbert Bayi wetu Moscow, Malinowski, naye ni wa majina ya ufundi? — Msomaji, Nachingwea*

Hapana. *-owski* mara nyingi huonyesha mahali, na Malinowski hutokana na vijiji vya majina kama Malinowo. Mzizi wake ni *malina*, tunda dogo jekundu la vichakani. Bronisław Malinowski alimpita Bayi katika mzunguko wa mwisho wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akamaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.70. Bayi, aliyeziongoza mbio hizo kwa muda mrefu, alimaliza kwa 8:12.48 na kuleta fedha nyumbani, katika michezo ileile ambayo Jan Kowalczyk alipata dhahabu yake.