Maswali ya Wasomaji: Kuirudishia Starlet GT injini yake ya tabo

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Toyota Starlet GT ya umbo la EP82 kutoka kwa mzee mmoja hapa Tanga, ambaye lilikuwa limekaa uani kwake kwa miaka mingi. Boneti bado ina lile tundu la kuingizia hewa na viti ni vya asili, lakini injini ya tabo (turbo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini) iliwahi kufa na mmiliki wa zamani akafunga 4E-FE ya kawaida iliyotoka kwenye Starlet nyingine. Ninataka kulirudisha lilivyokuwa lilipotoka kiwandani, na sehemu kubwa ya kazi niifanye mwenyewe nyumbani, nikisaidiwa na mdogo wangu ambaye ni fundi umeme wa magari. Fundi mmoja ameniambia nisihangaike kutafuta 4E-FTE, yaani injini ya asili yenye tabo, nifunge tu tabo kwenye injini niliyonayo kwa kuwa zote zina ukubwa uleule. Mwingine anasema ninunue injini tupu, nyaya tutaunga wenyewe. Nifuate ushauri wa nani, na nianzie wapi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji wa Tanga, hongera kwa kulipata gari hilo, kwa sababu EP82 zilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1989 hadi 1995, na bodi ya GT ambayo haijakatwakatwa imekuwa adimu. Ninakusihi usifuate ushauri wowote kati ya hiyo miwili.

Ni kweli kwamba 4E-FE na 4E-FTE zina ujazo mmoja wa sentimita za ujazo 1331, silinda za upana wa milimita 74 na mwendo wa pistoni wa milimita 77.4. Tofauti iko ndani. Injini ya kawaida hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kwa uwiano wa 9.6 kwa 1, ilhali ile ya tabo hubana kwa 8.2 kwa 1, na kiwanda kiliupunguza uwiano huo makusudi kwa sababu tabo yenyewe huingiza hewa iliyokwisha kushindiliwa. Ukifunga tabo kwenye 4E-FE, mchanganyiko utabanwa kupita kiasi, utapata joto na kuwaka kabla ya wakati wake, nawe utasikia injini ikigonga unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Katika joto la pwani hali hiyo huja upesi zaidi, na pistoni zikianza kupasuka kwenye kingo za ringi hakuna cha kuokoa. Tena kontroboksi, yaani kompyuta, ya injini ya kawaida haikupangwa kurudisha nyuma wakati wa cheche wala kuongeza petroli pale tabo inapoanza kusukuma.

Kuhusu injini tupu, ninajua kwamba bei yake huvutia, lakini mtu anayenunua injini tupu huishia kununua vilivyobaki kimoja kimoja, kwa bei ya anayeuza, na mara nyingi kutoka kwenye magari tofauti. Unapoulizia kwa wauza spea wa Kariakoo na Ilala, au kwa wale wanaoagiza kutoka Japani na Dubai, omba nusu ya mbele ya gari iliyokatwa ikiwa nzima. Ikikosekana, sisitiza injini ije na giaboksi yake ya C52, nyaya zote ambazo hazijakatwa, kontroboksi yake, distributa, kipima shinikizo la hewa, kipozea hewa cha tabo, bomba la ekzosi la mwanzo, shafti za magurudumu na pampu ya mafuta. Giaboksi ndogo iliyofungwa kwenye 4E-FE haikuundwa kwa mzigo wa injini hii, ambayo kiwandani ilitoa nguvu za farasi 135 kwenye mizunguko 6400 na nguvu ya kuzungusha (torque) ya Nm 157. Itafanya kazi kwa muda, kisha itakuacha njiani.

Usilipe kabla ya kuipima. Mwombe muuzaji aiunge na betri, utoe plagi zote nne, na upime kompresheni kila silinda huku mlango wa hewa ya injini (throttle) ukiwa umefunguliwa kabisa. Usishughulike sana na ukubwa wa namba, kwani injini ambayo haijawaka kwa muda mrefu husoma chini kidogo. Angalia tofauti baina ya silinda na silinda, na ikizidi bar 1 uliza maswali. Katika silinda iliyo chini, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena: namba ikipanda, ringi zimechoka, na isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Kisha vua mpira wa kuingizia hewa kwenye tabo, ambayo kwa injini hii ni CT9, ushike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kuisukuma ndani na kuivuta nje kusitoe mchezo unaousikia waziwazi, na mapanga yasiguse ukuta hata ukiyaegemeza upande. Unyevu mdogo wa oili ndani ya mpira ni wa kawaida, ila oili inayotiririka ni dalili kwamba tabo nayo inahitaji kutengenezwa, na bei ipunguzwe kwa kiasi hicho.

Kabla injini haijafika kwako, fanya kazi kwenye bodi, kwa maana Tanga ina chumvi ya bahari na gari limekaa uani. Inua mazulia yote uangalie sakafu, kisha chunguza mahali shokapu za mbele zinaposhikana na bodi, kizingiti cha chini ya milango, na sehemu ambayo maunti ya giaboksi hufungwa. Gonga kwa kishikio cha bisibisi: chuma kizima hulia, na kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa hata kama rangi juu yake inang'aa. Palipooza pakatwe na kuchomelewa bati jipya, wala usikubali fundi wa bodi akujazie puti mahali panapobeba uzito.

Breki ninaziweka mbele ya injini, na hapa sitalegeza msimamo. GT ina uzito unaozidi kilo 800 kwa kiasi kidogo, kwa hiyo nguvu za farasi 135 hulifanya gari kufika mwendo mkubwa mapema kuliko dereva anavyotarajia. Kwa kuwa aliyeweka injini ya kawaida huenda alibadilisha na vitu vingine, hakikisha diski za mbele bado ni zile nene zenye matundu ya kupitishia hewa, ubadilishe mipira yote ya breki ambayo imekaa miaka bila kuguswa, na umwage mafuta ya breki ya zamani yaishe kabisa.

Siku ya kutoa injini, kodi winchi ya gereji. Nimeona watu wakitundika cheni bloku kwenye boriti la paa la nyumba, jambo ambalo halifai hata kidogo. Ikiwa winchi haipatikani, mabomba matatu mazito ya chuma yaliyofungwa juu na kupanuliwa chini kwenye sakafu ya saruji yatafaa zaidi. Gari lisimame juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya matofali ya saruji, ambayo hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Toa betri, punguza shinikizo la petroli kwenye bomba kabla ya kulifungua, na upige picha za kila upande kabla ya spana ya kwanza kushika nati.

Nyaya ndizo zitakazoamua kama gari hili litakufurahisha au litakuchosha, na ninafurahi kwamba mdogo wako ni fundi umeme. Nyuma ya dashibodi mtakuta viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu na yule aliyefunga 4E-FE. Msianze kuunga juu ya hivyo. Fuateni kila waya hadi mwanzo wake, mrudishe nyaya za GT zilizokuja na injini, na kila plagi ya umeme ifungwe karatasi yenye jina lake kabla ya kuchomolewa. Mahali ambapo lazima muunge, tumieni risasi ya kulehemu na mpira unaonywea kwa joto, kwa sababu tepu huachia gundi yake kwenye joto la boneti. Halafu hesabuni nyaya za ethi: moja kutoka betri hadi bodi na giaboksi, nyingine kutoka injini hadi ukuta wa mbele. Ikisahaulika hata moja, umeme mkubwa wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na mara nyingi hupita kwenye kebo ya mafuta, ambayo hupata moto na kuanza kukwama. Fundi asiyejua hilo hubadilisha kebo mara kwa mara bila kuona chanzo.

Pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi nayo ikaguliwe. Ikiwa ni ya gari la kawaida, injini itawaka vizuri, itasilensa vizuri na itatembea mjini bila shida, lakini ukikanyaga hadi mwisho petroli haitatosha, mchanganyiko utakuwa mkavu, na pistoni zitaungua. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, thamostati iwekwe ileile ya kiwandani badala ya kutolewa kama wengi wanavyofanya, na mfumo ujazwe kulanti, kwani maji ya bomba huacha kutu katika njia nyembamba zinazopoza tabo.

Injini ikiwa bado nje, badilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji, sili za oili na bomba la kupeleka oili kwenye tabo. Bomba hilo ni jembamba na hujaa masizi ndani, na tabo mpya ikifungwa kwenye bomba la zamani haidumu. Siku ya kuwasha, kata umeme wa cheche na wa nozeli, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe umeme na kuwasha. Iache isilense, toa hewa kwenye rejeta, tafuta mivujo, izime, ipoe, kisha urudie. Usiongeze shinikizo la tabo kwa namna yoyote mpaka gari limetembea vya kutosha na umeridhika na joto lake.

Lililobaki ni karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo tunza risiti na nyaraka za uingizaji wa injini hiyo, upeleke taarifa ya mabadiliko TRA, na ulijulishe shirika lako la bima kwa maandishi, kwani bima inaweza kukataa kulipa kwa gari ambalo halifanani na kadi yake.

SWALI: Mhariri, mimi nina Starlet ya kawaida yenye giaboksi ya mkono, na sina uwezo wa kununua injini ya tabo. Je, injini ya Toyota Raum inaweza kuingia? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu yangu wa Mombasa, inaingia, na kwa mtu anayetaka gari jepesi la kila siku ninaipenda njia hiyo. Raum ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1997 hadi 2003, hutumia 5E-FE ya sentimita za ujazo 1496, ambayo ni ya ukoo uleule wa 4E, ila mwendo wa pistoni umeongezwa kufikia milimita 87. Faida yake utaisikia kwenye mizunguko ya chini, kwa mfano unapopanda kilima ukiwa na abiria. Kwa kuwa Raum huja na giaboksi ya otomatiki, utahitaji flaiwili na klachi ya injini yako ya sasa, na lazima utoe kile kibushi kilicho mwishoni mwa krenki ya gari la otomatiki iwapo kinazuia shafti ya giaboksi. Kabla ya kununua, angalia kama injini ina distributa au koili, kwa sababu injini ya koili itahitaji nyaya na kontroboksi yake yenyewe. Kwa upande wa Kenya, mabadiliko ya namba ya injini kwenye logibuku hupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa hiyo mwombe muuzaji nyaraka siku ileile ya kununua.