RAV4 ya 2008 na sevisi ya nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza kama Toyota RAV4 ya 2008 inahudumika nyumbani bila kukimbilia gereji. Inahudumika vizuri tu. Yangu ina injini ya 2AZ (ile ya petroli ya lita 2.4), na oili namwaga mwenyewe uani hapa Uyole, Mbeya. Boliti ya kumwagia ni spana ya 14, filta inafunguka kwa mkono (ikigoma, tumia mkanda), na inaingia lita 4 na ushee. Ila angalia sana mpira wa filta ya zamani usibaki umeng'ang'ania kwenye injini. Wangu ulibaki, nikafunga filta mpya juu yake, oili ikamwagika yote kabla sijatoka getini! Na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Baadhi ya 2AZ za miaka hiyo zinakula oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha kupimia oili upime kila wiki. Ea klina (filta ya hewa) inafunguka kwa klipu tu, kiangazi ikung'ute mapema. Mkanda wa taimingi wa kubadilisha hakuna, ni cheni.

Breki mimi nampelekea fundi. Mteremko mkali wa Iwambi, hapa hapa Mbeya, siujaribii breki za kujifungia.