Mafunzo ya walimu wa Shule ya Jumapili: uzoefu wetu wa Ganda, Malindi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kanisa lenu, lenye fedha kidogo na walimu wanne wa Shule ya Jumapili ambao hawajapata mafunzo yoyote, limpeleke kijana mmoja chuo cha Biblia kwa miaka miwili au liandae semina ya walimu wote. Kanisa letu liko Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, na njia zote mbili tumezipita. Ushauri wangu ni kwamba msianze na yoyote kati ya hizo. Anzeni kwa kukaa nyuma ya darasa la watoto na kusikiliza.

Kwanza nieleze tulivyokosea. Tulifanya harambee, tukampeleka kijana wetu chuoni, naye akasoma vizuri. Sina lawama kwake. Aliporudi alikuwa na diploma, na kwetu mwenye diploma hupewa mimbari, hapewi watoto. Haukupita mwaka akaitwa na kanisa la mjini lenye uwezo wa kumlipa mshahara, na watoto wakabaki chini ya mkorosho wakiimba nyimbo zilezile. Baadaye tukaalika wageni, wakatuendeshea semina ya siku tatu yenye chai, wali na vyeti vyenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Tulifurahi sana, na changu bado ninacho kabatini. Jumapili iliyofuata kila mwalimu alifundisha kama alivyokuwa akifundisha siku zote, kwa kuwa karibu kila tulichoonyeshwa kilihitaji ubao, picha za rangi na chumba chenye kuta, navyo hatukuwa navyo.

Shida hii haikuanza kwetu. Seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba wengi iliowasomesha katika mji mkuu hawakurudi kuchunga makanisa ya vijijini, na mwaka 1963 ikageuza utaratibu: mwanafunzi abaki kwake na kazi yake, asome kitabu cha mazoezi nyumbani, kisha akutane na wenzake na mwalimu mara moja kwa wiki. Huko ndiko ilikotoka TEE (Theological Education by Extension), yaani masomo ya theolojia ambayo mtu huyasoma akiwa kwake, na ambayo makanisa mengi ya Kenya yanayatumia hadi leo. Hapa Pwani nasi tulikuwa na shule ya theolojia iliyoanzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1888, ambayo mwaka 1930 ilihamishiwa Limuru na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Sisemi ilikosea kuhama, lakini kutoka Ganda hadi Limuru ni mbali, na anayefika huko hukutana na mengi ya kumfanya asirudi.

Sasa nije kwenye lililotufungua macho. Jumapili moja nilikaa nyuma ya darasa la mama mmoja ambaye siku za kazi huuza samaki wa kukaanga kituoni. Somo lilikuwa Luka 15, kondoo aliyepotea. Alisoma kwa sauti nzuri, akafika pale mchungaji anapowaacha wale tisini na kenda nyikani. Mvulana mmoja, ambaye siku za Jumamosi huchunga mbuzi wa babu yake, akanyoosha mkono, akauliza: “Mwalimu, na wale wa nyikani alimwachia nani? Fisi je?” Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akamwambia asipoteze wakati, asikilize Neno la Mungu. Mtoto akainama, akaokota kijiti, akachora mchangani mpaka sala ya mwisho.

Baada ya ibada sikumkemea yule mama, maana mimi mwenyewe nimestaafu ualimu wa shule ya msingi na nimewanyamazisha wengi kuliko yeye. Nilimuuliza tu: “Mama, mbuzi wangekuwa wako, ungemjibuje?” Akafikiri, akasema angekiri kwamba hajui. Mwalimu mwingine akadakia kwamba wachungaji hawachungi peke yao, na hata watoto wetu humwachia jirani kundi wanapomfuata mbuzi aliyetoroka. Jumapili iliyofuata mama alimrudishia mtoto swali: “Wewe huwa unamwachia nani?” Mtoto akasimulia jinsi yeye na binamu yake walivyomtafuta mbuzi kwa tochi mpaka usiku, na jinsi babu yake alivyompokea mbuzi yule bila kumchapa mtu. Darasa zima lilinyamaza kimya. Na hapo niongeze kwamba nyika kwetu si neno la Biblia tu. Ni ile nchi kavu unayoiingia ukiipa bahari mgongo, na wazee wetu wa Kimijikenda waliitwa Wanyika na watu wa mwambao. Mwalimu asiyeona kwamba neno hilo ni la nyumbani kwa watoto wake ameacha nusu ya somo kitabuni.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu. Alhamisi saa kumi na nusu walimu hukutana, mmoja hufundisha somo la Jumapili kwa wenzake kana kwamba ni watoto, nao wana ruhusa ya kumsumbua kwa maswali. Jumapili mwalimu mmoja hufundisha na mwingine hukaa nyuma. Ibada ikiisha huzungumza dakika kumi tu: mtoto gani aliuliza nini, nani alisinzia na kwa nini, swali gani lilitushinda. Yaliyotushinda huandikwa kwenye daftari, na mchungaji huja Alhamisi ya mwisho ya mwezi kuyashughulikia. Mwanzoni alikuja kwa kusukumwa, na siku nyingine hakuja kabisa. Siku hizi hulidai daftari mapema.

Daftari hilo ndilo lililotuonyesha mafunzo tunayoyahitaji. Mtoto aliuliza kama koma, yaani roho za wazee waliokufa, wanasikia tunapoomba. Mwingine akasema nyumbani kwao kuna kigango, yaani nguzo ya mti iliyochongwa kumkumbuka marehemu, cha babu mkubwa, je, akikiondoa vumbi ametenda dhambi? Hayo huwezi kuyajibu kwa wimbo na kupiga makofi. Yanahitaji mtu aliyesoma mafundisho ya kanisa na anayezijua pia mila za Wagiriama kwa heshima, bila kuzitukana wala kuzifunika.

Kisha ikaja Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika nyika yetu hii hii, hatimaye ikapita 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Wengi walikuwa watoto. Wiki ile mtoto wa darasa la wadogo aliuliza: Yesu alifunga siku 40, mbona yeye hakufa? Tuliacha somo lililopangwa, tukasoma Mathayo 4 mpaka mahali ambapo Shetani anainukuu Zaburi ili kumjaribu Yesu, ili watoto waone kwamba hata andiko la kweli linaweza kutumiwa vibaya. Nchi nzima ilijadili kama wachungaji walazimishwe kuwa na vyeti. Naunga mkono wasome, lakini cheti cha mchungaji hakimsaidii muumini aliyezoeshwa tangu utoto kwamba kuuliza habari za fisi ni kupoteza wakati wa Bwana.

Kuhusu usalama sitarefusha. Malindi ni mji wa watalii na tunayajua yanayowapata watoto ufuoni. Watu wazima wawe wawili kila darasa, mlango au pazia liwe wazi, na walimu wote wasomewe Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Fedha zenu, basi, nunueni kwanza mikeka, madaftari na Biblia za kutosha, za Kiswahili na za lugha ya watoto wenyewe, na mtenge nauli ya bodaboda kwa mwalimu anayetoka mbali, maana wengi huacha huduma kwa aibu ya kukosa nauli kuliko kwa kukosa wito. Fanyeni hivyo mwaka mmoja. Mtamwona mwenyewe yule ambaye maswali ya daftari yanamnyima usingizi, na huyo mlipieni masomo akiwa hapo hapo. Kwetu alikuwa yule mama muuza samaki. Yuko katika mwaka wa pili wa TEE, husoma vitabu vyake jioni akisubiri mafuta yapate moto, na vingine vina madoa ya mafuta. Ukitaka nikuandikie hapa maswali ya mwanzo ya daftari letu, nijulishe, nitayaweka.